Watu wanaingia kwenye tovuti yako halafu wanakupigia simu kuuliza bei: uzi wa wenye biashara na mafundi wa tovuti

Fundi Kurasa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi natengeneza tovuti za biashara za kawaida, lodge, shule binafsi, wauza vipuri, saccos, wakala wa safari za mbugani, sio zile za mabenki. Na kuna kitu nakikuta karibu kila ofisi ninayoingia. Bosi anakufungulia grafu anakuonyesha watu walivyo wengi wanaoitembelea tovuti yake, anatabasamu, hapo hapo simu ya mapokezi inaita, "samahani nimeona tovuti yenu, chumba shilingi ngapi?" Kidogo inaita tena, "mpo upande gani hapo Morogoro?" Na yeye anafurahi, eti tovuti inaleta wateja.

Bosi hiyo simu ni malalamiko. Mtu kakata bando lake kuingia kwako, kazunguka kote, hajaona alichokuja kutafuta, sasa anatumia na dakika zake kukuuliza. Na huyo ndo mvumilivu. Wenzake wote wamesharudi nyuma wameingia kwa jirani yako na hutakaa ujue.

Ndo maana mimi nikipewa tovuti ya kurekebisha siku hizi sigusi rangi wala nembo kwanza. Naenda kukaa na dada wa mapokezi au yule kijana anayejibu WhatsApp ya ofisi, namwambia hebu nisomee watu wanauliza nini. Bosi huwa hajui, fundi wa tovuti huwa hajui, ila yule dada anajua mpaka mpangilio, swali la kwanza hadi la kumi. Chukua shule. Wazazi wanauliza ada ni kiasi gani na inalipwa kwa awamu ngapi, basi linapita mtaa gani, bweni lipo kuanzia darasa la ngapi, fomu inapatikana wapi. Sasa fungua tovuti yenyewe. Unakutana na ujumbe wa mkurugenzi, dira, dhamira, picha ya geti, picha ya mgeni rasmi anakata utepe mwaka juzi. Ada ipo, tena imefichwa kwenye menyu ya "Vipakuliwa", ukibonyeza inashuka PDF iliyoskaniwa kwa ubavu, mzazi anageuza simu na maandishi nayo yanageuka.

Hiyo orodha ya dada wa mapokezi ndo inatakiwa iwe ukurasa wa kwanza, kwa mpangilio ule ule aliokutajia. Dira na dhamira ziwepo kama mnazipenda ila zikae huko chini.

Na kitu cha pili, ijaribuni kwa simu ambayo wateja wenu wanayo. Ofisini kuna waya wa faiba na laptopu yenye skrini ya inchi 15, kila kitu kinafunguka fasta na kinapendeza. Mteja ana Tecno au Infinix ya miaka mitatu nyuma, kioo kimepasuka kona, yuko kwenye daladala na mtandao unakuja unaondoka. Picha ikipigwa na simu ya kisasa inatoka na upana wa pikseli 4000 na ushee, uzito megabaiti nne tano, watu wanaichukua vile vile wanaipandisha kwenye tovuti, wakati simu nyingi za bei ya chini kioo chake kina upana wa pikseli 720. Mteja anashusha picha kubwa mara tano kwa upana kuliko anachoweza kuona. Ukurasa wenye picha mbili za hivyo unafika MB 8 bila kujitahidi, kwa hiyo aliyejiunga bando la MB 100 akifungua kurasa kama hizo 13 bando lote kwisha habari, na chumba hajapata. Ipunguze mpaka upana wa 1200 hivi, ihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lenye uzito mdogo), zile za chini ya ukurasa ziwekee loading="lazy" zisishuke mpaka mtu azifikie. Ni kazi ya jioni moja tu na inapunguza uzito kuliko kitu kingine chochote utakachofanya.

Sasa tuje kwenye fomu maana hapa ndo watu wanafia. Nitachukua mfano mmoja tu, namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, sawa, ila kwenye kadi imeandikwa na vistari, tarakimu 8 za tarehe ya kuzaliwa, kistari, 5, kistari, 5, kistari, 2. Ukihesabu na vistari vyake zinakuwa herufi 23. Kuna tovuti moja ya mikopo, sitaitaja, fundi wake aliweka kisanduku kinachopokea herufi 20 basi. Mtu anakopi namba yake alivyoihifadhi kwenye simu, anabandika, kisanduku kinakata herufi tatu za mwisho kimya kimya, halafu chini yanatokea maandishi mekundu NAMBA SI SAHIHI. Anaangalia kadi, anaangalia simu, mwanzo unafanana kabisa, mwisho hauoni kwa sababu kisanduku ni kifupi na umejificha upande wa kulia. Anarudia, anaambiwa tena si sahihi. Nilikuwa pembeni ya mama mmoja anahangaika nayo hiyo, mwishowe akaanza kuniuliza kama kadi aliyopewa ni feki.

Mama wa watu kadi yake ni halali kabisa, na dawa ni mstari mmoja tu wa programu: pokea chochote alichoandika, tupa kila kisicho tarakimu, ndo uhesabu. Namba ya simu hivyo hivyo, mwingine ataanza na 07, mwingine 255, mwingine ataitoa kwenye majina yake ya simu inakuja na +255 na nafasi katikati, zote hizo ni namba moja, kompyuta ndo ifanye kazi ya kuzipanga. Na ukiweka inputmode="numeric" kwenye kisanduku cha namba kibodi ya tarakimu inatokea yenyewe, mtu hahangaiki kutafuta.

Halafu tarehe ya kuzaliwa wakuu, nani aliwadanganya muweke kalenda? Kalenda inafunguka mwezi huu wa sasa. Mzee aliyezaliwa 1961 arudi nyuma mwezi mmoja mmoja kwa kile kimshale, miezi 12 kwa mwaka, mpaka 1961 ni mibonyezo zaidi ya 750. Wengine kuna njia ya kubonyeza juu pale penye mwaka ila ni siri ya fundi. Waingereza kwenye tovuti ya serikali yao, GOV.UK, wanaweka visanduku vitatu, siku, mwezi, mwaka, unaandika unaondoka. Kalenda iacheni kwa mambo ya kuchagua siku ya karibu kama kubuku basi au chumba.

Tujadili, na wenye maumivu yenu leteni.

---

bosi_wa_lodge

Mkuu umeongea ila mimi nakupinga kidogo kwenye ukurasa wa kwanza. Biashara yangu ni ya utalii, mgeni ananunua kwa macho. Mimi nina slaida ya picha sita zinabadilishana, bwawa, chumba, simba, machweo, chakula, timu yetu. Ukiitoa hiyo tovuti inabaki kama tangazo la mnada.

Fundi Kurasa

Bosi sijasema utoe picha, picha nzuri kwa lodge ni kila kitu. Ninachokipinga ni hizo sita kubadilishana zenyewe. Kuna chuo kikuu Marekani, Notre Dame, fundi wao wa tovuti mwaka 2013 alipima wanaobonyeza slaida ya ukurasa wa kwanza, ikawa kama asilimia 1 tu ya wanaoingia, na katika hao waliobonyeza asilimia 84 walibonyeza ile picha ya kwanza. Yani ya pili mpaka ya mwisho zinagombania makombo. Na mgeni amelipia bando la zote sita.

Chagua moja, iliyo bora kabisa, weka juu, chini yake hapo hapo bei inaanzia ngapi kwa usiku, mko wapi na kutoka uwanja wa ndege ni mwendo wa muda gani, na batani ya kuuliza nafasi. Zile tano zingine ziweke chini anayetaka atashuka mwenyewe, kidole anacho. Na tafadhali maandishi meupe juu ya picha ya machweo hayasomeki, hasa mtu akiwa juani.

Na usiogope kuonekana wa kawaida. Hiyo GOV.UK niliyoitaja ilifunguliwa Oktoba 2012, ni maandishi meusi kwenye weupe na linki, picha hamna kabisa au kidogo sana, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo kubwa ya ubunifu London, Design of the Year, ikapita majengo na magari.

---

Mama Vitenge

Mimi sio fundi ni mnunuzi tu na muuzaji. Kinachoniudhi ni kulazimishwa kufungua akaunti. Nataka pazia, nimeliona, nimelipenda, nabonyeza nunua naambiwa jisajili, jina la kwanza, la kati, la ukoo, barua pepe, pasiwedi iwe na herufi kubwa na namba na alama, nikiweka naambiwa haina nguvu. Barua pepe yenyewe alinifungulia mwanangu na pasiwedi anayo yeye yuko chuo Dodoma. Nikaacha pazia. Nimenunua Kariakoo.

Fundi Kurasa

Mama umenigusa penyewe. Kuna kisa maarufu sana kwenye fani hii, mtaalamu mmoja Mmarekani anaitwa Jared Spool alikisimulia mwaka 2009. Duka kubwa la mtandaoni (hakulitaja) lilikuwa linamlazimisha mteja kujisajili kabla ya kulipa. Wakakaa na wanunuzi wakawaangalia wakinunua, wakaona hiyo fomu inawachukiza watu kuliko kitu chochote, na hata waliokuwa wameshajisajili zamani wengi hawakumbuki pasiwedi wala barua pepe waliyotumia. Wakaitoa batani ya "Jisajili" wakaweka "Endelea", na maneno mafupi kwamba huhitaji akaunti ili ununue. Wanunuzi waliomaliza waliongezeka asilimia 45, mwaka wa kwanza duka likapata dola milioni 300 zaidi. Kwa batani moja.

Na serikali ya Marekani nayo ililiingia shimo hilo hilo. Healthcare.gov, ile ya bima ya afya ya Obama, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Ilizidiwa na watu, hilo kila mtu analikumbuka, ila kilichoongezea balaa ni kwamba ilikuwa lazima ufungue akaunti ndo uone bei za bima, hata kama unachungulia tu. Kwa hiyo mamilioni wote wakarundikana mlango mmoja, ule wa akaunti, ambao ndo ulikuwa mbovu. Nyaraka zilizotolewa baadaye kwenye Bunge lao zilionyesha siku ya kwanza waliofanikiwa kujiunga ni watu 6. Sita, nchi nzima. Baadaye wakafungua njia ya mtu kuangalia bei bila akaunti.

Kwa biashara ndogo ya huku unahitaji vitu vitatu tu, jina, namba ya simu, mzigo uletwe wapi. Jina liwe kisanduku kimoja, aandike anavyojiita. Baada ya kulipa ndo umuulize kama anataka akaunti ili safari ijayo asiandike tena, anayetaka atakubali.

---

Ngoma Droo

Hahaha mnawatetea sana wateja. Mimi ni developa miaka mingi, wateja wa Bongo hawasomi. Weka bei kubwa hivi kwenye picha, chini mtu anaandika "bei?" Huo ustaarabu wa Uingereza huku haufanyi kazi. Na hizo tafiti za kukaa na watu ni za makampuni yenye hela, mteja wangu ananilipa laki tano tovuti nzima, nitatoa wapi muda wa kufanya utafiti?

Fundi Kurasa

Mkuu wateja wa huku wameshazoeshwa. Kurasa ngapi za biashara zinaandika "bei njoo inbox"? Mtu akishafanyiwa hivyo mara nyingi hata bei ikiwepo haitafuti tena, anauliza moja kwa moja. Na tuseme ukweli, kutosoma sio tabia ya Mswahili peke yake. Huko kwa wenzetu mwaka 2006 walipima macho ya watu wakiwa kwenye kurasa za tovuti, wakakuta wengi wanasoma mistari ya juu, halafu macho yanateremka ubavu wa kushoto yakidonoa donoa. Kwa hiyo bei ukiiweka katikati ya aya ya nne umeizika, ukiiweka mwanzo wa mstari wenye kichwa cha habari chake "Bei" wataiona.

Kuhusu muda na hela. Jakob Nielsen, huyu ni kati ya wazee wa fani, mwaka 2000 aliandika kwamba watu 5 tu wanatosha kukufichulia matatizo mengi ya tovuti, alikadiria kama asilimia 85. Watano. Huhitaji maabara. Nenda na simu kwa mama lishe anayewauzia chakula hapo ofisini, kwa bodaboda wa kijiweni, kwa shangazi yako. Mwambie "shangazi tafuta hapa ada ya darasa la tatu ni kiasi gani", halafu NYAMAZA. Hapo ndo pagumu kwa mafundi, mdomo unawasha, unataka kusema bonyeza pale juu kulia. Usiseme. Mteja wako kule Kahama hatakuwa na wewe pembeni. Angalia kidole kinasita wapi, anabonyeza kitu ambacho hakibonyezeki, anarudi nyuma mara ngapi, na akisema "mbona hamna" muulize alitegemea kukiona wapi. Soda tano na nusu siku, laki tano yako haijaguswa.

Ngoma Droo

Watu watano ni wachache sana kitakwimu, hiyo huwezi kutetea.

Fundi Kurasa

Kama unataka kujua asilimia ngapi ya wateja wanashindwa, kweli ni wachache. Ila hapa huhesabu, unatafuta mashimo. Watatu wa kwanza wakianguka shimo moja una haja gani ya kumsubiri wa hamsini? Na Nielsen mwenyewe hakusema watano halafu basi, alisema watano, rekebisha, watano wengine, rekebisha, maana ukiondoa shimo kubwa ndo yale madogo yaliyokuwa yamejificha nyuma yake yanaonekana.

---

mkenya_wa_Buruburu

Sasa mimi niko Nairobi na haya maneno ni yale yale tu. Kitu kinaniua huku ni paybill, ile namba ya kulipia biashara kwa M-Pesa, kuwekwa ndani ya picha. Duka lina tovuti poa, ukifika kulipa wanakuwekea bango limechorwa vizuri, paybill namba fulani, akaunti namba fulani. Huwezi kukopi kwa sababu ni picha! Inabidi ushike namba kwa kichwa, utoke uende M-Pesa, uandike nusu, urudi kuangalia, ukirudi ukurasa umejifungua upya na kapu lako liko tupu. Mara nyingine nachukua kalamu naandika kwa mkono jameni.

Fundi Kurasa

Hapo umetaja mawili kwa mpigo ndugu yangu. Lipa namba na paybill ziwe maandishi, na pembeni batani ya kukopi, imeisha.

La pili ni zito zaidi. Simu zenye RAM ndogo ukitoka kwenye brauza kwenda kwenye meseji au kwenye app ya hela, simu inaifuta ile kurasa kwenye kumbukumbu ili ipate nafasi. Ukirudi inaianza upya. Fundi hajawahi kuliona kwa sababu simu yake ina RAM ya kutosha. Na ndo maana mambo ya OTP yanawatesa watu, umejaza fomu ndefu, unaambiwa tumekutumia namba kwa meseji, unatoka kusoma meseji, unarudi fomu iko nyeupe peee, na ile namba muda wake umeisha. Hifadhi anachoandika mtu kadiri anavyoandika, localStorage (sehemu ya brauza ya kutunzia data kwenye simu yenyewe) ipo bure kwenye brauza zote, ila usihifadhi humo pasiwedi wala namba za kadi ya benki. Kisanduku cha OTP kiwekee autocomplete="one-time-code", simu zinazoielewa zitaileta ile namba juu ya kibodi mtu abonyeze tu bila kutoka. Na fomu ikiwa na kosa moja onyesha hilo kosa pale pale lilipo, kwa maneno, vingine vyote viache vilivyo. Kumfutia mtu kila kitu kwa sababu kasahau mkoa ni uonevu.

---

Sikio Langu

Mimi sioni kabisa, natumia simu kwa TalkBack, kisoma skrini cha Android, na kompyuta kwa NVDA, hiyo NVDA ni programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, aliianzisha kijana asiyeona wa Australia mwaka 2006. Huwa nasoma nyuzi hizi na hamtutaji kabisa kwa hiyo leo nimejitokeza.

Nikifungua tovuti nyingi za hapa nasikia hivi: "linki, linki, picha IMG underscore 2041 nukta jpg, batani, batani, batani haina jina." Ndo maisha. Batani mmeweka alama ya kikapu tu bila neno, mwenye macho anaona kikapu, mimi naambiwa "batani". Ya kwenda mbele au ya kufuta kila kitu? Nabahatisha. Kingine, tovuti imeandikwa Kiswahili ila ndani yake fundi ameacha lang="en", basi sauti inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kizungu, "karibu sana" inatoka vitu vya ajabu siwezi hata kuandika. Akiweka lang="sw" tu NVDA inabadilisha sauti inasoma kawaida, sauti ya Kiswahili ipo humo humo imekuja nayo.

Na visanduku vya fomu, mnaandika jina la kisanduku ndani yake kwa rangi hafifu, nikianza kuandika linatoweka. Hata mwenye macho nadhani anasahau alikuwa anajaza nini.

Fundi Kurasa

Ahsante sana mkuu kwa kujitokeza, haya ndo yanatakiwa. Na niongeze kwa wanaodhani ni hisani: Sydney kabla ya Olimpiki ya 2000 mwanaume mmoja asiyeona, Bruce Maguire, aliwashtaki waandaaji kwa sababu tovuti yao haisomeki kwa mashine yake, akashinda, wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Duka la Target kule Marekani lilishtakiwa na chama cha wasioona mwaka 2006, 2008 wakamalizana kwa dola milioni 6. Wewe unayeuza safari kwa Wazungu na Waaustralia ujue hao ndo wateja wako, wapo wazee, wapo wenye uoni hafifu, na wana hela.

Yale maandishi hafifu yana kipimo kabisa. Kanuni za WCAG, zile za kimataifa za kufanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu cha #999999 (hizo ni namba za rangi) kwenye weupe, ambacho mafundi wanakipenda mno, hakifiki hata 3. Shuka mpaka #767676 ndo unagusa mstari, mimi naenda #333333 nisigombane na jua la saa saba. Na ile user-scalable=no mnayoweka ili mtu asivute ukurasa kwa vidole viwili, itoeni, baba yangu anasoma kila kitu kwa kuvuta.

---

Mama Vitenge

Kwani vile vimistari vitatu juu kule ni nini? Mwanangu ndo alinionyesha juzi kwamba ukibonyeza kuna vitu ndani.

Fundi Kurasa

Wakuu mmemsikia mama. Alama hiyo ilichorwa kwenye kompyuta za Xerox mwaka 1981, ina umri mkubwa kuliko wengi humu, na bado watu hawaijui. Chini yake andikeni MENYU, herufi tano tu. Na kama una kurasa nne usizifiche humo, zipange wazi juu zote zionekane.

---

bosi_wa_lodge

Haya fundi, nimemkalisha mpishi wangu kwenye kiti na simu yake, nikamwambia buku chumba cha watu wawili Ijumaa hii. Nikanyamaza kama ulivyosema, ilikuwa ngumu wallah. Ameshindwa. Amejaza kila kitu vizuri, akafika chini, batani ya "Tuma maombi" haipo. Kuichungulia vizuri ipo ila imekaliwa na lile duara la kijani la WhatsApp linaloelea kona ya kulia. Kila akibonyeza anatupwa WhatsApp. Sasa nilitoe? Maana wageni wa ndani wote wanakuja kwa WhatsApp, nikilitoa nimejikata mguu.

Fundi Kurasa

Usilitoe bosi, watu wako wanaipenda WhatsApp na wana haki. Fanya hivi. Kwenye ukurasa wa fomu duara lisielee, liweke kama batani ya kawaida chini ya "Tuma maombi", imeandikwa "Au tuandikie WhatsApp", zote mbili upana wa skrini nzima, kimo kisipungue pikseli 48, na nafasi katikati yake dole gumba lisiguse mbili kwa wakati mmoja. Kurasa zingine liache lielee ila upande wa chini wa ukurasa ongeza nafasi tupu ili hata mtu akishuka mpaka mwisho lisikae juu ya kitu. Na linki ya WhatsApp inaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari, weka "Habari, naulizia chumba cha watu ___ kuanzia tarehe ___", kijana wako wa mapokezi hatakuwa anauliza tarehe ngapi, watu wangapi, meseji nane kabla ya kutaja bei.

Ukimaliza mpe simu mpishi huyo huyo uone, halafu tafuta na mwingine ambaye hajaiona kabisa, maana mpishi sasa ameshakuwa mwenyeji.

Ngoma Droo

Nimejaribu na mimi, kwa mdogo wangu, tovuti ya mteja wa vipuri. Sitasema matokeo. Hiyo ya kutupa kila kisicho tarakimu ni replace(/\D/g, '') kwa wanaouliza, na maxlength, ile inayoweka kikomo cha herufi kwenye kisanduku, ifuteni.